Tupeane uzoefu: darubini yako ya kwanza ya safari ilikuwa ipi, na ulijuta wapi?

Mgeni Njiani
Wakuu, habari za wakati huu. Nimechoka kuazima. Kila safari mimi ndiye yule wa "hebu nami nichungulie kidogo", na ikinifikia mkononi mnyama keshazama kichakani. Sasa nataka yangu. Kinachonichanganya ni namba: 8x21, 10x25, 8x42, 10x50, na kuna moja nimeiona imeandikwa 30x60 ilhali inaenea kiganjani. Mliotangulia semeni, ya kwanza mlinunua ipi na iliwafikisha wapi? Sitaki matangazo, nataka visa.

Kipanga Mstaafu
Nianze mimi niliyelipa ada ya ujinga. Yangu ilikuwa 20x50. Nilijiambia, kama ya 8 inavuta mara 8, hii si itaniletea ndege hadi puani? Nikaenda nayo kando ya ziwa. Ng'ambo kulikuwa na korongo kasimama, katulia kama gogo. Kwa macho matupu katulia. Ndani ya darubini anacheza ngoma. Kila pigo la moyo wangu lilimrusha juu na kumshusha. Nikabana pumzi, nikaegemea gari, wapi! Darubini haichagui cha kukuza: ikimkuza ndege, inakuza na mtetemo wa mkono.

Halafu dirisha lake lilikuwa finyu. Nyingi za 8 hukuonyesha upana wa kama mita 120 hadi 140 kwenye umbali wa mita 1000. Yangu haikufika hata nusu ya hapo. Ndege akiruka ndiyo basi, unabaki kufagia anga kama mtu aliyedondosha pete mchangani. Mwenzangu alikuwa na 8x42 iliyobanduka mpira, na kila mara alimpata kabla yangu.

Kwa hiyo mkuu, namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa kushika mkononi, ishia 10. Na hiyo 30x60 ya kiganjani, chukua rula. Lenzi ya milimita 60 ina upana wa sentimita 6. Kama haifiki, hiyo namba ni rangi tu iliyopakwa.

Sisikii la Mkuu
Mimi nilinunua ile ya kuvuta na kurudisha, eti 10 hadi 30. Ukiiweka 10 unachungulia kama kwenye tundu la ufunguo, ukipandisha 30 ni ukungu na mtikisiko. Nimempa mtoto achezee.

Miwani Minene
Hakuna aliyegusa sisi wa miwani, ngoja niseme.

Nilizawadiwa 10x42 nzuri kabisa, ya watu wanaojua vitu. Nikiweka machoni naona kiduara kidogo katikati na giza pande zote. Nikavua miwani, nikaona pana. Basi ikawa mtindo: twiga yule pale, vua miwani, ing'ate kwa meno, inua darubini, tafuta, umempoteza, vaa miwani umtafute upya. Siku ya tatu miwani ikadondoka nikaikanyaga mwenyewe. Safari nzima iliyobaki niliona madoadoa tu yanayotembea.

Kumbe nilikuwa na makosa mawili. Kwanza, vile vikombe vya mpira vya kuwekea jicho vinazungushwa au kukunjwa vikashuka. Mwenye miwani avishushe hadi mwisho, asiye na miwani avipandishe. Pili, kila darubini ina umbali wake ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya kioo na bado likaona picha nzima. Huandikwa kwa milimita kwenye maelezo ya kifaa. Yangu ilikuwa 12, na miwani yangu peke yake inakula sehemu kubwa ya huo umbali. Mwenye miwani atafute 16 au zaidi, 15 ikishindikana. Tangu nipate ya 17 sijavua miwani tena. Usinunue kabla hujajaribu na miwani yako usoni, hata muuzaji akikuhakikishia vipi.

Mizigo Midogo
Mimi nitatofautiana na wazee wa 42. Ya kwanza ilikuwa 8x42, kama gramu 750. Siku ya kwanza niliivaa shingoni hadi jioni. Siku ya pili ikaingia begini, ya tatu ikalala chumbani, na ndiyo siku tuliyokutana na fisi maji. Sasa nina 8x25 ya kukunja, haifiki gramu 350, inakaa mfukoni, siisahau. Darubini iliyolala chumbani haioni kitu.

Kipanga Mstaafu
Ndugu yangu Mizigo, na jioni je? Hapo ndipo vidogo vinapoaibika. Tulikaa chini ya mti mmoja tukimsubiri bundi atoke tunduni, jua limeshazama. Mwenye 10x25 anasema "hajatoka". Mimi namwona, tena ananitazama.

Hili unaweza kuliona kwa macho yako, Mgeni. Shika darubini mbali na uso kama sentimita 30, uielekeze kwenye anga jeupe, SIYO kwenye jua. Kwenye kila kioo cha kuchungulia utaona kiduara cha mwanga. Upana wake ni namba ya pili ukigawa kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni zaidi kidogo ya milimita 5, 25 kwa 10 ni 2.5. Mchana wa jua kali mboni yako hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo kiduara kidogo kinatosha. Giza likiingia mboni inafunguka, kwa kijana hufika hata 7, na kile kiduara kidogo hakiijazi. Hapohapo chunguza umbo. Kiwe duara safi. Kikionekana kimekatwa pembeni kama mraba, vioo vya ndani vinavyokunja mwanga ni vya daraja la chini.

Mizigo Midogo
Sibishi, mzee wangu. Ila mimi jioni nakuwa nimeshalala 😄 Tukutane katikati basi: 8x32. Kiduara milimita 4, uzito nusu kilo hivi.

Bibi Vipepeo
Wanangu, mnaongelea mbali tu. Mimi napenda vya karibu. Yangu ya kwanza haikuweza kutazama kitu kilicho chini ya mita 5. Kipepeo akitua jirani, narudi nyuma, narudi nyuma, mpaka nikaingia mtaroni. Ya sasa inaanzia mita 2. Ulizeni hilo kabla hamjalipa. Na ukitaka kuona mdudu kwa ukaribu kabisa, igeuze darubini, chungulia kwa upande wa mbele huku kioo cha jichoni kikikaribia kumgusa. Inakuwa kikuzio.

Mgeni Njiani
Bibi, hilo la kuigeuza nimelijaribu sasa hivi kwa ya jirani, nimeona nyuzi za shati langu! Asante. Swali: hii ya jirani jicho la kushoto linaona safi, la kulia lina ukungu. Mbovu?

Fundi Kimya
Huenda si mbovu. Mimi miaka miwili niliamini jicho langu la kulia limekufa, hadi nikaanza kuulizia miwani. Siku moja binti mdogo tuliyepanda naye boti akaichukua, akazungusha kitu, akanirudishia. Nikaona kamba za tanga moja moja.

Kwenye kioo cha jichoni, kwa kawaida cha kulia, kuna pete yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwanza fungua au funga bawaba ya katikati mpaka viduara viwili unavyoviona ukichungulia viwe kimoja. Chagua kitu kisichosogea, chenye ncha kali, kama maandishi ya kibao. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Sasa ziba ya kushoto, gurudumu usiliguse, zungusha ile pete tu mpaka la kulia nalo lione. Kumbuka pete ilipoishia. Kuanzia hapo ni gurudumu la katikati peke yake.

Ila ukishafanya hayo ukaona vitu viwiliviwili, au dakika kumi tu kichwa kinagonga, hiyo mirija miwili haitazami mahali pamoja. Yangu nyingine iliangukia mwamba ikawa hivyo. Hilo usilirekebishe kwa bisibisi nyumbani, nililijaribu nikaizika kabisa.

Nahodha wa Ndoto
Sisi wa majini tunapenda 7x50. Boti ikiyumba, 7 inavumilika. Ni nzito, lakini usiku hakuna mfano. Na hata hiyo 8 au 10 yako, egemea ukuta usiku usio na mawingu uitazame sayari ya Mshtarii: utaona vinukta vimejipanga pembeni yake. Ndiyo miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Nyongeza: chukua iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni. Yangu ya kwanza haikuzibwa. Mvua ya saa moja, ukungu ukaingia NDANI ya vioo, ukakaa siku nne. Huo haufutiki kwa kitambaa.

Sisikii la Mkuu
Na zile lenzi nyekundu zinazong'aa kama macho ya jini, zikwepe. Wekundu wote unarudishwa nje, wewe unabaki na dunia ya kijani. Najua kwa sababu nilinunua na hizo pia. Msinicheke.

Mgeni Njiani
Wakuu, nimerejea. Nilienda nimebeba rula, muuzaji akaniangalia sana. Ile 30x60 lenzi yake ni milimita 22! Nikaomba nijaribu nje mlangoni, 10x42 kwanza, kisha 8x42, kisha 8x32. Kwenye 10 niliona nati za mnara wa simu lakini zikitetemeka. Kwenye 8x32 zilitulia, na juu yake alikuwepo kunguru. Nilikuwa nimeshaseti pete kama alivyoelekeza Fundi. Kunguru akageuza kichwa, na utando mweupe ukapita juu ya jicho lake ukarudi. Nimeishi na kunguru maisha yangu yote, sikujua kama wana kitu hicho. Nimeichukua hiyo.

Miwani Minene
Hongera! Mkanda uliokuja nayo utupe, huo mwembamba unakata shingo. Tafuta ule wa kuvuka mabegani unaoilaza kifuani. Na vumbi likiingia, puliza kwanza ndipo ufute. Ukianza na upindo wa shati unasugua mchanga kwenye kioo.

Mizigo Midogo
8x32. Nilisema mimi.