Kuhamia Nairobi na farasi wawili kutoka Uingereza: kuwaleta, kuwaacha, au kununua wengine?

mpanda_Leeds
Hamjambo wanajukwaa. Familia yetu inahamia Nairobi mwakani. Farasi ni wawili: dume aliyehasiwa, miaka 9, na jike wa miaka 18. Wote wamezaliwa Uingereza. Ninalinganisha njia tatu: kuwaleta wote kwa ndege, kuwaacha huku na kununua farasi waliokulia Kenya, au kununua Afrika Kusini. Bei za ndege ninazo. Ninachoomba ni kujua kinachoharibika na kwa nini.

daktari_Nanyuki
Karibu. Anza na AHS, ugonjwa wa farasi wa Afrika, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Virusi vyake huenezwa na visubi wa jamii ya Culicoides, na pundamilia huvibeba bila kuugua. Farasi wa Ulaya hana kinga hata kidogo. Akipatwa na aina ya mapafu, karibu wote hufa: joto hupanda hadi nyuzi 40 au 41, pumzi hukatika, povu hutoka puani, na kutoka hapo ni suala la saa chache. Aina ya moyo huenda polepole kidogo. Angalia yale mabonde mawili juu ya macho. Kwa farasi mzima yamebonyea. Kwa mgonjwa hujaa, kisha huvimba mpaka yakatokeza nje. Ukiona hivyo usiku, mpigie daktari usiku huohuo.

Huko Uingereza hatachanjwa, maana chanjo hii haitolewi. Ile inayotengenezwa Afrika Kusini ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na huja katika chupa mbili zenye aina tofauti za virusi. Chupa ya pili hufuata ya kwanza baada ya wiki 3 hadi 4. Mwache apumzike kama wiki mbili baada ya kushuka ndege ndipo aanze, na akiwa na homa usimchanje. Baada ya kila sindano asifanye kazi nzito, na apimwe joto kila siku. Kinga pana hujengeka kwa chanjo za miaka kadhaa mfululizo, kwa hiyo mwaka wa kwanza una hatari hata ukifuata kila hatua.

Ndiyo maana mwezi wa kufika una uzito kuliko bei ya ndege. Visubi huongezeka mvua inaponyesha, na masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Akifika mwanzoni mwa Julai, sindano zote mbili zinakuwa zimekwisha kabla ya Septemba, na vuli inamkuta ana kinga kiasi. Akifika Februari, masika yanamkuta katikati ya chanjo.

mizigo_Embakasi
Naongezea upande wa safari. Ndege za mizigo zinazobeba maua kutoka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, ndizo za kuulizia kwanza, kwa sababu zinarudi Nairobi. Lakini nyingi zinatua Amsterdam na Liège. Tangu 2021, farasi wa Uingereza akiingia Umoja wa Ulaya, hata kwa kupita tu, anahitaji cheti cha afya na ukaguzi mpakani. Ukiona safari ya namna hiyo ni nafuu, uliza kama gharama ya lori, kivuko na vyeti imo.

Kizimba cha ndege hubeba farasi watatu waliobanana, wawili wenye nafasi, au mmoja peke yake. Kwa safari ndefu hivi, chagua wawili kwa kizimba. Farasi aliyebanwa na kufungwa kichwa juu hawezi kuinamisha shingo akohoe, vumbi la nyasi linashuka mapafuni, na hapo ndipo homa ya safari inapoanzia. Wavu wa nyasi ufungwe chini, nyasi zilowekwe maji, kamba iwe ndefu kiasi cha kichwa kushuka chini ya kifua. Apewe maji kila baada ya saa 4 hadi 6. Kamba ya kichwani iwe ya ngozi, ya nailoni haikatiki akinaswa.

Kibali cha kuingiza kinatoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete. Kipate kwanza, ndipo daktari wa Uingereza achukue damu kwa kufuata masharti yake. Siku za vipimo huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuruka. Ndege ikisogezwa mbele, kipimo kinaweza kupitwa na muda, nawe unarudia upya.

saisi_Karen
Banda liwe tayari kabla hajafika. Kisubi ana urefu wa milimita 1 hadi 3, anapenya chandarua cha kawaida cha mbu. Tumia neti nzito ya kivuli, tabaka mbili, iliyopuliziwa dawa ya wadudu ya jamii ya pairethroidi. Feni pia inasaidia sana, kisubi hawezi kuruka penye upepo. Aingie ndani kabla jua halijazama, asitoke mpaka limepanda vizuri asubuhi. Taa ya banda izimwe, inawaita wadudu.

Wiki mbili za kwanza apimwe joto asubuhi na jioni, liandikwe kwenye daftari mlangoni. Kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Nyasi za boma rhodes ni ngumu kuliko alizozoea, basi zigeuze taratibu kwa siku 10 hadi 14. Ukibadili kwa siku moja unaita msokoto wa tumbo. Nafaka ipunguzwe mpaka aanze kazi tena. Na kupe wakaguliwe kila siku, masikioni, chini ya mkia na kwenye manyoya ya shingo: wanaleta piroplazimosisi, ugonjwa wa vimelea vya damu.

tandiko_Arusha
Sikubaliani na kuleta wote wawili. Mnasahau safari ya kurudi. Marekani humweka karantini siku 60 farasi anayetoka nchi yenye AHS. Farasi wengi wa Afrika Kusini kwa miaka walipitia Mauritius na kukaa miezi mitatu ndipo waingie Ulaya. Uoga huo una sababu. Pundamilia walioletwa kutoka Namibia waliingiza ugonjwa Hispania mwaka 1987, na Thailand mwaka 2020 ilipoteza farasi zaidi ya 500. Ukimpandisha ndege kuja huku, hesabu kwamba atazeekea huku.

Wa Afrika Kusini wana chanjo za miaka mingi, hiyo ni faida kubwa. Lakini unalipa ndege vilevile. Kama kazi ni kupanda mwishoni mwa wiki, farasi wa Kenya anatosha.

mpanda_Leeds
Asanteni sana. Huyo jike wa miaka 18, daktari, unasemaje?

daktari_Nanyuki
Mwache huko kwa mtu unayemwamini. Safari, mwinuko wa Nairobi wa karibu mita 1,800, chanjo hai na kupe, vyote kwa mwezi mmoja, ni mzigo mkubwa kwa umri huo. Dume wa miaka 9 mlete kama utakaa miaka mitano au zaidi na unaweza kufika Julai. Kama mkataba wako ni wa miaka miwili, nunua huku.

Ukinunua, omba kadi ya chanjo ya AHS yenye tarehe za kila mwaka, pima damu kwa piroplazimosisi, na umwone akikimbia kwenye ardhi ngumu. Farasi wengi wanaouzwa walitoka mbio za Ngong, kwa hiyo kano za miguu ya mbele zikaguliwe kwa ultrasaundi kabla hujalipa.