Jengo tupu la Main Street, Jinja, Uganda: nyumba ya sanaa au maduka?

Mwanzisha hoja, mwalimu wa ngoma, Walukuba

Wana Jinja, naomba tulijadili jambo hili bila matusi. Pale Main Street kuna jengo la ghorofa moja lililofungwa miaka mingi. Mwaka wa ujenzi bado unasomeka juu ya mlango, umechongwa kwenye plasta, na mche wa mkuyu umeota kwenye mfereji wa paa. Maneno mjini ni mawili: kuna wanaotaka libomolewe yajengwe maduka, na kuna sisi tunaotaka liwe nyumba ya sanaa ya wakazi wote.

Nasema sanaa, na sababu yangu ni shimo. Embaire yetu ya Busoga si marimba ya kubeba begani. Magogo yake hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume, na watu kadhaa hukaa pande mbili wakipiga chombo kimoja. Sisi shimo letu liko chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, mazoezi yamekwisha. Wiki iliyopita nilimkuta kijana wa miaka 13 ameinama shimoni, anachota maji kwa kopo la rangi, magogo ameyafunika kwa shati lake la shule. Jengo lile lina ua nyuma, umezungukwa na kuta pande zote. Kampala wana Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza tangu 1959. Hatuombi jumba kama lile. Tunaomba ua na vyumba vya juu.

Muuza mitumba, sokoni

Kaka, nakuheshimu, na mwanangu anapenda ngoma zako. Ila jengo likipatikana katikati ya mji, mbona wa kwanza kufikiriwa ni mpiga ngoma? Kuna wenzangu wanatandika nguo chini na kukimbizwa na askari wa jiji kila siku. Hao nao wananyeshewa, na watoto wao hulala njaa siku hiyo.

Halafu kuna mafundi cherehani wa pale barazani. Mama mmoja ameshona pale tangu mimi nikiwa msichana. Mguu wa meza yake umechimba tundu kwenye sakafu. Mkishapaka rangi na kutundika picha, ataambiwa anaharibu sura ya mahali. Nimeyaona kwenye jengo jingine hapa hapa mjini: wageni wa heshima walipokaribia kuja kulifungua, wenye baraza waliondolewa asubuhi, na hakuna aliyewaita tena. Nionyesheni yule mama atakaa wapi, ndipo nitawaunga mkono.

Mwalimu mstaafu

Wanangu, mnagawana nyumba ya mtu. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na mali zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali. Sheria ya 1982 ikawafungulia wenyewe mlango wa kudai warudishiwe, na miaka ya 1990 wengi walirudishiwa. Majengo mengine yamebaki na utata: huyu ana hati, yule ana karatasi ya kukodi, na watoto wa mwenye mali wako ng'ambo. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge ilikuwa bado inazichunguza mali hizo, karibu miaka 50 baada ya watu kufukuzwa.

Mimi niliwaona wakiondoka, nilisoma na watoto wao. Katiba, kifungu cha 26, inalinda mali ya kila mtu. Jengo kufungwa si kukosa mwenyewe. Mkiingia mle bila kujua ni la nani, mtakuwa mnaendeleza yale yale ya 1972, hata kama mnaingia na ngoma.

Mwanzisha hoja

Mzee wangu, hilo la mwisho limeniuma, na ni kweli. Nilitakiwa kuanza na swali la mwenyewe, nikaanza na shimo langu. Hatuingii bila mkataba.

Na mkataba naujua umuhimu wake kwa kuumia. Kikundi chetu kiliwahi kupewa chumba kwa maneno matupu. Tukaziba paa, tukavuta umeme, tukapaka rangi. Tulipofika mwezi wa nne mle, mwenye chumba akapata mpangaji wa kulipa zaidi, tukatolewa na ngoma zetu. Jengo hili ni kazi kubwa kuliko chumba kile. Kuta zake ni za chokaa; fundi akizipiga saruji, unyevu unanaswa ndani na plasta inadondoka vipande vipande. Hakuna wa kuanza kazi hiyo kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nasema miaka kumi, iandikishwe.

Dada, kuhusu yule mama: baraza na vyumba vya chini vibaki vya mafundi na wauzaji, na liandikwe ndani ya mkataba huo huo, isiwe ahadi ya mkutanoni. Sanaa ikae juu na uani. Siamini kwamba biashara na sanaa haviishi nyumba moja. GoDown, kituo cha sanaa cha Nairobi, ilianza 2003 katika bohari la eneo la viwanda, na Nafasi, kituo cha sanaa cha Dar es Salaam, ipo tangu 2008. Hakuna aliyesubiri kujengewa jumba jipya.

Wanaotaka libomolewe nawapinga moja kwa moja. Mwaka 2011 hata Makumbusho ya Uganda kule Kampala ilikuwa ivunjwe ipishe mnara wa biashara. Watu walikwenda mahakamani, na hadi leo imesimama.

Jumatatu nakwenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja. Mzee, kama miguu inaruhusu, twende wote, kwa sababu wewe ndiye unayeijua ile familia ya Kiasia iliyokuwa na jengo. Na wewe dada, niulizie pale barazani: ni cherehani ngapi, na kila moja inahitaji nafasi kiasi gani?