Mjadala: Rubani wa Kisumu apimwe kwa saa za angani, au kwa miruko na saa za kukesha?

Mwana wa Dunga: Kanuni za anga humpimia rubani saa za kuruka. Ulaya, kwa mfano, kikomo ni saa 100 kwa siku 28. Nairobi–Kisumu ni kama dakika 50, kwa hiyo kwenye karatasi rubani huyu anaonekana mtu wa kazi nyepesi. Chukueni zamu ya miruko sita. Angani ni saa 5 tu. Ongeza saa nzima ya maandalizi, dakika 35 za kushusha na kupakia abiria mara tano, na nusu saa ya makaratasi mwishoni: ni saa 9 na dakika 25. Kinachomchosha rubani ni kupaa na kutua, na hapa anapaa na kutua mara sita. Orodha ya ukaguzi wa kupanda haijapoa, ya kushuka imeshaanza. Hoja yangu: miruko ihesabiwe, na saa za kukesha pia, yaani zote anazokuwa macho tangu alipoamka.

Mpanga Zamu, Nakuru: Ndugu, penye kanuni nzuri miruko huhesabiwa. Hukohuko Ulaya, zamu inayoanza asubuhi kumeshakucha ni saa 13 kwa miruko miwili; kuanzia wa tatu kila mruko unakata nusu saa. Miruko sita inabaki na saa 11, na zamu yako inaenea humo. Ukikaza zaidi unahitaji jozi nyingine ya marubani, na nauli itapanda. Abiria atarudi kwenye basi la usiku kupitia Kericho. Je, huko dereva hachoki?

Jicho la Rada: Dereva wa basi anachoka, na hilo halimpunguzii rubani uchovu. Tatizo kubwa ni zamu iliyokatwa vipande viwili. Rubani anaamka saa kumi alfajiri, anapaa saa kumi na mbili na nusu, anarudi Nairobi saa tatu kasorobo. Anaambiwa apumzike, arudi saa kumi na moja jioni kwa miruko miwili mingine. Mvua ya ziwani ikimchelewesha kidogo, anaegesha saa tatu usiku. Ameruka saa 3 na dakika 20, lakini yuko macho kwa saa 17. Utafiti wa Dawson na Reid wa 1997 ulilinganisha kukesha saa 17 na ulevi wa asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Tena ni jioni hiyohiyo radi zinapotanda upande wa Nandi. Kisumu pakifungwa huenda akageuzia Eldoret, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege hugusa njia kwa kasi kubwa zaidi.

Mpanga Zamu, Nakuru: Basi waruhusiwe kusinzia kitini kwa zamu. NASA walilipima hilo, na walioruhusiwa waliamka wakiwa macho zaidi.

Jicho la Rada: Walipewa dakika 40, kwenye safari ndefu za kuvuka Pasifiki. Katika safari ya dakika 50 utazitoa wapi? Na anayeamka huwa bado yuko katika mang'amung'amu. Katika ajali ya ndege ya Mangalore, India, Mei 2010, kinasa sauti kilimnasa kapteni akikoroma. Akaamka karibu na kutua, akaja juu mno, rubani msaidizi akamwambia apae tena, yeye akaendelea kutua. Walikufa watu 158. Januari 2024 huko Indonesia marubani wote wawili wa Batik Air walisinzia kwa dakika 28. Usingizi wa kweli ni wa ardhini. Pengo la mchana lihesabiwe mapumziko pale tu panapokuwa na kitanda, giza na kimya. Viti vya ukumbini havitoshi.

Mwana wa Dunga: Kuna pia hiari ya kapteni kurefusha zamu mambo yakiharibika, Ulaya hadi saa 2. Aliyechoka ndiye anayeulizwa kama amechoka! Na kama sehemu ya mshahara wake inafuata saa alizoruka, akisema "siwezi" anajikata mwenyewe. Anayeripoti uchovu alipwe mruko ule kana kwamba ameuruka.

Mpanga Zamu, Nakuru: La kitanda nakubali, tena chumba karibu na uwanja hakigharimu kama jozi ya marubani. La malipo nakataa bado. Niambieni kwanza nani atathibitisha uchovu, maana haupimwi kama pombe kwa kupuliza kifaa.