Mjadala: Je, samani za mwaloni za Gustav Stickley zinastahili kuitwa kazi ya mkono?

Mtoa mada:

Ndugu wanajamvi, naomba tujadili suala linalonisumbua kwa muda mrefu katika kazi yangu ya kukarabati samani kongwe hapa jimboni New York. Je, ni sahihi kwa wauzaji na waendesha minada kuziita "kazi ya mkono" meza, viti na makabati ya mwaloni yaliyotoka katika karakana za Gustav Stickley, mtengeneza samani wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20? Msimamo wangu ni kwamba si sahihi, ijapokuwa nazipenda samani hizo na ndizo zinazonilisha.

Vuguvugu la Arts and Crafts, yaani la kutetea sanaa na ufundi wa mkono, lilizaliwa Uingereza katika karne ya 19, pale mwandishi John Ruskin na msanii William Morris walipolalamika kwamba kiwanda kimemnyang'anya fundi akili na furaha ya kazi yake. Stickley alizuru Uingereza mwaka 1898, na mwaka 1901 akaanzisha jarida la The Craftsman, ambalo toleo lake la kwanza lilimhusu Morris. Hata hivyo, katika karakana zake karibu na Syracuse mbao zilipasuliwa na kurandwa kwa mashine, wala yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo, kwani aliamini kwamba mashine humpunguzia fundi kazi ya kuchosha. Mlinganishe na Mwingereza Sidney Barnsley, aliyehamia mashambani Gloucestershire mwaka 1893 pamoja na kaka yake Ernest na rafiki yao Ernest Gimson, akawa anachora na kutengeneza samani zake mwenyewe, peke yake.

Wiki iliyopita nilichomoa droo ya dawati la Stickley nikaipindua juu ya benchi. Upande wa chini, ambao haukupigwa msasa, ulikuwa na mawimbi madogo yaliyolingana kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani alama ya visu vya mashine vinavyozunguka. Randa ya mkono haiachi alama hiyo. Yenyewe huacha mabonde mapana yasiyolingana, ambayo vidole huyahisi kabla macho hayajayaona.

Mwaka 1988 kabati la vyombo lililotoka nyumbani kwa Stickley mwenyewe lilinunuliwa na Barbra Streisand kwa dola 363,000 katika mnada wa Christie's. Siipingi bei hiyo hata kidogo. Ninachopinga ni neno linalotumika kuipandisha bei ya kila kiti kilichofuata.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na hoja yako nzito naiheshimu, lakini hapa tunapishana. Mimi ni seremala, na huku Unguja fundi akipasuliwa mbao za mlango kwa mashine, kisha akakaa siku nyingi akichonga nakshi kwa patasi, hakuna mzee atakayekataa kwamba mlango ule ni kazi ya mkono wake. Tuangalie mkono uliamua nini. Gogo la mwaloni likipasuliwa kuelekea kiini chake, ubao hutoa miale inayong'aa kama fedha, na ni lazima awepo mtu wa kuamua ubao upi ukae mbele na upi ujifiche nyuma. Halafu kuna ile rangi. Samani ilifungiwa katika chumba kisichopitisha hewa pamoja na amonia, ikafukizwa kama nguo zinavyofukizwa udi, hadi tanini, yaani kemikali ya asili iliyomo ndani ya mwaloni, ikageuka kahawia. Kuukagua ubao na kujua wakati wa kuutoa ni kazi ya jicho la fundi.

Tukumbuke pia chama cha mafundi cha Mwingereza C. R. Ashbee, mfuasi wa vuguvugu hilohilo, kilichohama London mwaka 1902 kwenda mji mdogo wa mashambani wa Chipping Campden ili watu waishi kwa kazi ya mikono. Kilifilisika kabla muongo haujaisha, na mafundi wengi wakatawanyika. Je, ilikuwa heri hivyo?

Mchangiaji wa pili:

Naongezea kama mnunuzi. Baadhi ya viwanda vilivyomwiga Stickley vilibandika kwa gundi vipande vya mbao kwenye miguu ya meza, ili mtu adhani kuna ulimi, yaani ncha ya ubao inayoingizwa kwenye tundu la kiungo, uliopenya hadi upande wa pili. Mimi mwenyewe nimewahi kuuziwa meza ya namna hiyo kwa maneno yaleyale ya "kazi ya mkono". Ndiyo maana namuunga mkono mtoa mada: neno hilo likibaki bila mipaka, hutumika kumlinda mwongo.

Mtoa mada anajibu:

Ndugu yangu wa Unguja, kuhusu kufukiza nakubali. Pale jicho la fundi ndilo lililotawala, na sikulipa uzito unaostahili. Kuhusu Ashbee, naomba nikumbushe kwamba Stickley naye, pamoja na mashine zake zote, alifilisika mwaka 1915, kwa hiyo mashine peke yake haikuwa kinga. Nilichokiomba tangu mwanzo ni maelezo kamili. Lile dawati nimemrudishia mwenyewe jana, na katika karatasi aliyoniomba kwa ajili ya mnada nimeandika hivi: "Mbao zimepasuliwa na kurandwa kwa mashine, viungo vimekazwa na kumaliziwa kwa mkono, rangi imetokana na amonia." Ameniuliza kama bei itashuka. Nimemjibu kwamba huenda ikashuka, lakini sitalibadilisha neno hata moja.