Kifaransa cha kitabuni na Kifaransa cha mdomoni: mwenye Kiswahili aanzie wapi?

Mwanagenzi ameuliza:

Wanajukwaa, salamu. Nimejifunza Kifaransa kwa miaka mitatu, kwa sehemu kubwa kupitia vitabu na mazoezi ya kuandika. Magazeti ninayasoma bila kufungua kamusi kila mara, na taarifa ya habari ya redioni ninaifuata vizuri. Hata hivyo, Wafaransa wawili wanapoanza kuzungumza wao kwa wao, ninaachwa nyuma kabla sentensi ya pili haijaisha. Juzi nilisikia katika mahojiano neno lililonifikia masikioni kama "shepa". Nililitafuta kwenye kamusi karibu nusu saa nikidhani ni kitenzi nisichokijua, kumbe msemaji alikuwa amesema *je ne sais pas*, yaani "sijui", sentensi niliyofundishwa katika juma la kwanza kabisa.

Tatizo la pili ni la upande wa kutamka. Rafiki ninayewasiliana naye aliniambia kwa upole kwamba Kifaransa changu ni sahihi, lakini kinamkumbusha mtu anayesoma barua kwa sauti, na kwamba ninaweka nguvu mahali pasipostahili. Ninaomba kujua kama kuna kanuni zinazoongoza ufupishaji huu au kila mtu hufupisha apendavyo, na pia kama mtu aliyekulia katika Kiswahili ana mahali maalumu pa kuanzia. Tafadhali majibu yasiishie kwenye "sikiliza sana", kwa maana kusikiliza ninasikiliza.

Mkalimani Mstaafu amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, kanuni zipo, tena si nyingi. Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba Wafaransa hawakushindi kwa kasi. Wanakushinda kwa sababu maandishi yao yanabeba herufi ambazo mdomo uliziacha siku nyingi.

Mhusika mkuu ni *e* isiyo na alama juu yake, ile inayotokea katika *je*, *te*, *le*, *de*, *que* na katikati ya maneno mengi. Katika mazungumzo ya kawaida irabu hiyo hudondoshwa kila inapowezekana, na kinachoamua kama inawezekana ni idadi ya konsonanti zitakazobaki zimebanana. Chukua siku mbili za juma. *Samedi* hutamkwa *sam'di*, kwa sababu *e* ikiondoka zinabaki konsonanti mbili tu, *m* na *d*. *Vendredi* haiwezi kutendewa hivyo: ukiondoa *e* ya katikati utabaki na *d*, *r* na *d* zilizofuatana, na mdomo wa Mfaransa hukataa. Vivyo hivyo watu husema *la f'nêtre*, "dirisha", lakini katika *une fenêtre* irabu hurudi, kwa kuwa *n* ya *une* imekwisha kuisogelea *f*. Mwanaisimu Maurice Grammont aliiita kanuni hii sheria ya konsonanti tatu. Wataalamu waliofuata wameitilia viraka vingi, lakini kwa mwanafunzi inatosha kabisa.

Sasa urudi kwenye "shepa" yako. Hatua ya kwanza, *ne* ya kukanusha imeachwa, kama inavyoachwa karibu kila mara katika mazungumzo yasiyo rasmi, ikabaki *je sais pas*. (Kwa yeyote anayependa historia: zamani *ne* ndiyo iliyokuwa ikikanusha peke yake, na *pas*, ambayo maana yake ya asili ni "hatua", iliongezwa kwa kukazia tu, kama mtu anayesema hakwenda hata hatua moja. Leo mgeni ndiye mwenye nyumba.) Hatua ya pili, *e* ya *je* imedondoka, ikabaki *j'sais pas*. Hatua ya tatu, *j*, ambayo ni sauti ghuna, yaani inayotetemesha koo, imejikuta imebanwa na *s*, ambayo si ghuna, ikapoteza mtetemo wake na kuwa "sh". Sauti mbili za "sh" na *s* zimeyeyukia ndani ya moja, na huo ndio mwisho wa safari. Njia hiyohiyo huifanya *je suis* isikike kama "shwi", na *je pense* isikike kana kwamba imeandikwa *ch'pense*. Lakini *je vais* hubaki na *j* yake yenye mtetemo, *j'vais*, kwa kuwa *v* nayo ni ghuna. Unaona kwamba hakuna anayefupisha apendavyo.

Mengine ni machache na unaweza kuyakariri kama yalivyo. *Tu* mbele ya irabu hupoteza irabu yake: *t'as*, *t'es*. *Il y a* huwa "ya", na "hakuna" husemwa *y a pas*. *Il* mbele ya konsonanti mara nyingi hubaki "i" tu. *Parce que* huwa "paske", *peut-être* huwa "ptet", na *quatre personnes* hupoteza *r* na *e* za neno la kwanza. Anza kwa kuyatambua unapoyasikia, kisha uyatumie mwenyewe.

Sikio la Tatu amejibu:

Ninakubaliana na Mkalimani kuhusu kutambua, lakini ninasita kuhusu kutumia. Mwanafunzi anayesema "shepa" huku akiendelea kuweka shadda, yaani mkazo wa sauti, ya Kiswahili husikika vibaya zaidi kuliko yule anayesema *je ne sais pas* kwa utulivu, kwa sababu amevaa koti la nyumbani juu ya suruali ya sherehe. Yule rafiki yako aliyesema kwamba unaweka nguvu pasipostahili amekupa ushauri wenye thamani kuliko yote yaliyoandikwa hapa.

Katika Kiswahili, karibu kila neno lina shadda yake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na shadda hiyo huhama pamoja na neno: katika "kitabu" iko kwenye "ta", katika "kitabuni" imehamia "bu". Sisi tunaifanya kazi hiyo bila kuiwaza, na tunaipeleka hadi kwenye Kifaransa. Huko neno halina shadda ya kudumu. Kundi zima la maneno yanayokwenda pamoja hupata mkazo mmoja, kwenye silabi ya mwisho inayotamkwa, na mkazo wenyewe ni wa kurefusha sauti zaidi kuliko wa kuigonga. Ukisema *demain*, "kesho", urefu uko kwenye *main*. Ukisema *demain matin*, *main* hunyang'anywa urefu wake na kupewa *tin*. Ukiongeza *à huit heures*, "saa mbili asubuhi", *tin* nayo hunyamazishwa na urefu wote huenda kwenye *heures*. Fanya zoezi hilo moja, la kurefusha sentensi kutoka mwisho na kuhamisha mkazo kila unapoongeza neno, kwa juma zima kabla ya kugusa ufupishaji wowote.

Kuna habari njema pia. Kifaransa hupenda silabi inayoishia kwa irabu, kama Kiswahili, na ndiyo maana konsonanti ya mwisho wa neno hurukia neno linalofuata: *il arrive avec elle* hukatwa i-la-ri-va-ve-kel. Usiyatafute maneno ndani ya mnyororo huo. Tafuta silabi, kisha maneno yatajitokeza yenyewe.

Mwanagenzi ameandika tena:

Ninawashukuru nyote wawili. Zoezi la *demain matin* limenionyesha kosa ambalo sikulijua: nilikuwa ninagonga kila neno kama msumari. Ninaomba nyongeza kuhusu sauti zenyewe. *R* ninayoitamka ni ya ncha ya ulimi, *u* na *ou* ninazichanganya, na irabu za puani zinanitoka zikiwa na "ng" mwishoni.

Mwalimu wa Jioni amejibu:

*R* ndiyo inayowatisha wengi na ndiyo rahisi kuliko zote kwa mwenye Kiswahili, kwa sababu tuna ghala la sauti tulizopewa na Kiarabu. Sema "ghali", "ghafla", "lugha", kisha uisogeze "gh" hiyo nyuma kidogo, karibu na kilimi, na uilegeze mpaka iwe mkwaruzo mdogo tu. Hapo umefika kwenye *r* ya *Paris*. Baada ya *p*, *t* na *k*, kama katika *prendre*, *très* na *croire*, *r* hupoteza mtetemo na kukaribia "kh" ya "kheri". Ikiwa wewe ni miongoni mwa wanaosema "gali" na "luga", basi tengeneza kwanza Kiswahili chako na Kifaransa kitanufaika bure. Naongeza kwamba *r* ya ncha ya ulimi haimzuii mtu kueleweka; wasemaji wengi wa Kifaransa barani Afrika huitumia maisha yao yote, na si kosa.

Kuchanganya *u* na *ou* ni jambo zito zaidi, kwa kuwa hapo maana hubadilika. *Dessus* ni "juu yake" na *dessous* ni "chini yake", na kinachozitenganisha ni irabu hiyo peke yake. *Ou* ni "u" yetu ya kawaida. Kupata *u* ya Kifaransa, tamka "i" ndefu, uushike ulimi pale pale ulipo, kisha viringa midomo kama mtu anayepuliza mshumaa. Ulimi ukirudi nyuma hata kidogo, umepotea. Fanya vivyo hivyo kwa "e" na utapata irabu ya *peu* na *deux*.

Irabu za puani zinahitaji uvumilivu. Kiswahili kina "m", "n" na "ng'" nyingi, ila hakina irabu ambayo yenyewe hupitia puani, na ndiyo sababu tunaipa irabu mkia wa konsonanti. Linganisha *bon* na *bonne*. Katika *bonne* irabu ni ya mdomoni na ncha ya ulimi hugusa ufizi kutamka *n*. Katika *bon* ulimi haugusi popote na sauti huisha ikiwa bado ni irabu. Kisha chukua *vent*, "upepo", *vont*, "wanakwenda", na *vin*, "mvinyo", uzitamke mbele ya kioo. Kwa *vent* kinywa kiko wazi, kwa *vont* midomo imeviringwa, kwa *vin* imetanuka kuelekea pembeni. Vitabu vitakutajia ya nne, ile ya *un*, lakini kwa wasemaji wengi wa Paris imekwisha kumezwa na ile ya *vin*, hata *brun* na *brin* husikika sawa. Usipoteze usingizi kwa ajili yake.

Kuhusu *j*, sema "sh" kisha uitie mtetemo, kama unavyotoka kwenye "s" kwenda "z". Usiigonge kama "j" ya "jana".

Mkalimani Mstaafu ameongeza:

Sikio la Tatu amenirekebisha kwa haki kuhusu mpangilio: mdundo kwanza, ufupishaji baadaye. Kuhusu njia ya kujizoeza, mwanafunzi mwenzetu anasema anasikiliza, nami ninaamini, ila ninashuku kwamba anasikiliza vipande virefu mno na vilivyo safi mno. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutoa taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, nayo ni ngazi nzuri, lakini msomaji wa habari hutamka *ne* zake na hakati maneno kama watu wanaopiga soga. Tafuta mazungumzo ya watu wawili wasiosoma popote. Kata sekunde 10 tu, uzisikilize mara nyingi kadiri utakavyoweza, na uandike unachosikia kwa tahajia ya Kiswahili, si ya Kifaransa, ili jicho lisilidanganye sikio. Baada ya hapo ndipo uandike sentensi kamili kando yake na uhesabu kilichodondoka. Mwisho, jirekodi ukisema sekunde hizo hizo pamoja na msemaji, ukimfuata kama kivuli.

Usishangae ukikutana na msemaji anayetamka zile *e* zote tulizozizika hapa. Huenda anatoka kusini mwa Ufaransa, ambako *une petite* husikika na silabi zake zote, au huenda anaimba.

Mwanagenzi ameandika tena:

Nimefanya zoezi la sekunde 10 jioni hii. Katika maandishi yangu nimepata "izon" mara mbili na "ison" mara moja. Nilidhani ni neno moja na kwamba msemaji alikuwa mzembe. Je, *z* ile ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuachwa?

Sikio la Tatu amejibu:

Hapana, na sikio lako limefanya kazi nzuri. "Izon" ni *ils ont*, "wana", na "ison" ni *ils sont*, "wao ni". Kuunganisha *s* ya *ils* na irabu inayofuata, ikageuka *z*, ni lazima hata katika mazungumzo ya jikoni, sawa na *les amis* na *vous avez*. Inayoachwa na watu ni miunganisho ya hiari, kama ile ya *pas encore* au *je suis allé*, na mtu akiitamka yote katika soga za kawaida ataonekana anahutubia. Rudi kwenye rekodi yako na uandike kilichofuata baada ya kila "izon". Kikiwa ni kitenzi katika umbo la wakati uliopita, kama *mangé* au *fini*, basi umesikia sawasawa.