Naomba ushauri: skripti ikague vipi vifurushi vya Python kabla ya kuanza?

Wakuu, nina skripti inayotegemea Pillow, PyYAML na scikit-learn. Nataka ijikague mwanzoni, isije ikafia katikati na ModuleNotFoundError (kosa la moduli kutopatikana).

Njia moja, fanksheni importlib.util.find_spec, inatafuta moduli bila kuipakia, ila inataka jina la kwenye import, si la kusakinishia: Pillow ni PIL, PyYAML ni yaml, scikit-learn ni sklearn. Ukiiuliza "Pillow" inarudisha None hata kama kifurushi kipo. importlib.metadata.version, iliyoingia na Python 3.8, ni kinyume: inataka jina la kusakinishia, na angalau inatoa namba ya toleo. packages_distributions ya 3.10 inaoanisha majina yote mawili, lakini kwa vilivyokwisha kusakinishwa tu. Kilichokosekana, ambacho ndicho ninachokitafuta, hakionekani.

pip check (amri ya pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python) nayo inaangalia kama vilivyopo vinapatana, haisomi requirements.txt (orodha ya vifurushi vinavyohitajika). (Naiita kwa python -m pip, maana pip tupu inaweza kuwa ya Python nyingine kwenye mashine hiyohiyo.)

Je, mnaandika kwa mkono jedwali la kuoanisha majina hayo mawili, au kuna njia safi zaidi? Na kikikosekana kimoja, skripti isimame na kutaja vyote, au ijisakinishie? Mimi naona isimame.