Hita ya papo kwa papo au ya tanki: ipi inakula uniti chache kwa nyumba ya watu wanne Arusha?

MkaziWaNjiro
Habari wakuu. Naomba ushauri kabla sijanunua. Tuko wanne, bafu moja, wote tunaoga asubuhi kati ya saa 11 na saa 1. Maji ya simtanki asubuhi za Julai yanasoma nyuzi 17. Simtanki iko juu ya mnara, kitako chake kiko kama mita 1 na nusu juu ya shawa. Kwa sasa tunatumia uniti kama 60 kwa mwezi, tuko kwenye bei nafuu ya wasiozidi 75. Muuzaji mmoja anasisitiza ya papo kwa papo ya kilowati 5.5, mwingine ya tanki lita 50. Umeme wetu jioni na asubuhi hushuka hadi volti 200.

HesabuZaUmeme
Mkuu, kupasha lita moja nyuzi moja ni wati-saa 1.16, na hiyo haibadiliki kwa hita yoyote. Kinachobadilika ni lita ngapi unamwaga.

Ya kilowati 5.5 ikipata volti 230, kutoka nyuzi 17 hadi 40 inatoa lita 3.4 tu kwa dakika. Mtu akioga dakika 8 ametumia lita 27 na uniti 0.73. Watu wanne kwa siku 30 ni uniti 88. Ukiwa na tanki na shawa inayomwaga lita 8 kwa dakika, dakika zilezile 8 ni uniti 1.7 kwa mtu, yaani karibu 205 kwa mwezi. Ubahili wa mtiririko ndio unaookoa. Funga kichwa cha shawa cha lita 5 kwa dakika kwenye tanki, unashuka hadi 128.

Kisha kuna upotevu. Tanki likiachwa limewashwa kutwa kucha linapoteza kama uniti 1 hadi 1.5 kwa siku kupitia ganda lake hata kama hakuna anayeoga. Weka taima, liwake kabla ya kuoga tu, na upotevu huo unabaki kidogo sana.

Kuhusu bei nafuu niseme wazi: kwa shawa ya umeme ya watu wanne utavuka 75, uchague ipi. Hata kuoga kwa ndoo ya maji yaliyopashwa kwa umeme hakukubakishi humo. Lita 15 za nyuzi 40 ni uniti 0.4, sawa na 48 kwa mwezi kwa wote wanne, na hapo bado kuna hizo 60 zako.

FundiWaMoshi
Naongeza upande wa umeme, maana wengi huchoma nyumba hapa. Kilowati 5.5 ni ampia 24. Usiichomeke kwenye soketi ya kawaida, na usikubali fundi atumie waya wa mm 2.5: kwa umbali wa mita 25 unapoteza karibu volti 9 na zaidi ya wati 200 zinabaki kama joto ndani ya ukuta. Vuta waya wa mm 6 kutoka boksi la breka, njia yake peke yake, breka ya ampia 32, na swichi inayokata njia zote mbili, nje ya bafu.

Halafu RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya mA 30, yaani miliampia 30, lazima. Nyumba zetu nyingi zinategemea ethi rodi, ile nondo ya ethi iliyopigwa ardhini. Rodi ikiwa na omu 20, hitilafu itapitisha ampia 11 na nusu tu. Breka ya 32 haitashtuka kabisa, na wewe umesimama kwenye maji. RCD inakata kwenye ampia 0.03. Kama maji ni ya kisima chenye chumvi, chukua elementi (koili inayopasha maji) iliyofunikwa, ile iliyo uchi itavujisha umeme na RCD itakuwa inakata kila siku.

Volti 200 inashusha 5.5 hadi kama 4.2. Hapo maji ya moto ni lita 2.6 kwa dakika, uzi mwembamba sana kwa Julai. Kwa umeme wako ningechukua tanki, lakini lita 80. 50 zinatosha watu wawili wakifuatana.

MkaziWaNjiro
Asante sana wakuu. Basi tanki la lita 80. Taima niweke saa ngapi, na presha yangu inatosha?

FundiWaMoshi
Lita 80 kutoka 17 hadi 60 ni uniti 4. Elementi ya kilowati 2 inachukua saa mbili, na kwa volti 200 karibu saa mbili na dakika 40. Washa saa 8 usiku, zima saa 11. Presha ya mita 1 na nusu itafanya kazi ukitumia bomba la nchi 3/4 hadi kwenye hita, kona chache.

Siku ya kwanza fungua koki ya moto mpaka maji yatoke bila kupumua, ndipo uwashe umeme. Valvu ya usalama ikidondosha maji wakati wa kupasha usiizibe: maji ya lita 80 yanatanuka kama lita 1.3, lazima yatoke mahali. Iunganishie mpira uelekee kwenye sinki.